Kata ya Kwanza Ni ya Chui

Donat, mjukuu wangu, anasoma uchumi chuoni hapa Lubumbashi. Juzi alinijia na daftari, akachora mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja akaandika "hasara" na wa pili "faida". Akaniambia, "Kambo," yaani bibi, "nieleze ile karantini ya zamani. Watu kukaa mbali mbali wakati wa ugonjwa, kulileta hasara gani na faida gani?" Nikamwambia afunge daftari lake. Mwenyewe anasema nilimkaripia. Ndiyo, nilimkaripia, kwa nini nidanganye? Lakini mtoto huyu ni mbishi kama nzi wa kidonda, haondoki. Basi nikamwambia, keti hapo, nitakupa habari za mama yangu, halafu wewe na mstari wako mtajuana.

Mama aliitwa Victorine Chola. Alizaliwa upande wa Lukafu, kwa watu wa jembe. Baba yangu, Mukuka, alikuwa mtu wa kaskazini, Mkatoliki wa kutembea na rozari mfukoni, na kazi yake ilikuwa kufunga minyororo ya mabehewa kwenye reli. Mabehewa mawili yalimbana akafa huko Kambove nilipokuwa na miaka mitano. Watoto wawili walionitangulia walikuwa wamekwisha kuzikwa kabla ya kuota meno, kwa hiyo mama akabaki na mimi tu. Ndugu zake wakamwambia arudi Lukafu. Akakataa. "Kule mutoto atakula," akawajibu. "Hapa atakula na atasoma kwa masista." Hilo ndilo lilikuwa shauri lake kubwa maisha yake yote, hakuwa na jingine: Delphine ale, Delphine asome. Delphine ni mimi.

Alipika munkoyo. Unapika uji mwepesi wa mahindi, unauacha upoe, unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa, unachuja, na kesho yake una kinywaji. Siku ya kwanza ni kitamu kama maziwa, siku ya pili kinaanza kuuma ulimi, siku ya tatu kinakuwa kichungu na ya nne unawapa nguruwe. Si pombe, hata padri alikuwa akinywa. Lupango letu, yaani kiwanja chetu kidogo chenye ua wa matete, kilikuwa cha tatu kutoka kwenye bomba la maji, na jumamosi jioni wanaume wa reli na wa viwandani walikuwa wakijaa humo hadi wengine wanakalia mizizi ya mti wa nje. Walikunywa kwa kata moja. Kibuyu kimoja kidogo chenye mkono mrefu, kinapita kwa huyu, kinapita kwa yule, midomo thelathini. Mtu akileta kikombe chake mwenyewe aliulizwa kama anaogopa kulogwa. Kunywa pamoja ndiko kulikokuwa kukiuzwa pale, Donat. Munkoyo kila mwanamke alijua kupika.

Na kata ya kwanza ya kila chungu haikulipiwa. Ilikuwa ya Adalbert Kapya.

Huyu Kapya alikuwa mtani wa mama. Siku hizi mnasikia utani mnadhani ni mzaha tu. Mama alikuwa wa ukoo wa Mbuzi, nami pia, maana kwetu mtoto hufuata ukoo wa mama. Kapya alikuwa wa ukoo wa Chui. Chui na Mbuzi wanatukanana bila kukasirika, wanaibiana bila kushtakiana, na mmoja akifa, mwingine ndiye anayemzika. Mtani ndiye anayeshika maiti, anayechimba, na pale kaburini wakati wote wanalia yeye anamtukana marehemu mpaka watu wacheke, ili uchungu upungue na marehemu aende zake. Asipokuwepo mtani, wazee walisema, maiti hajazikwa, amefukiwa tu.

Kapya alifanya kazi hospitalini, kubeba wagonjwa na kufagia. Mrefu, mwembamba, mguu mmoja unaburuta. Kila jumamosi alisimama mlangoni pa ua na kupiga kelele, "Ee Mbuzi! Uko hai bado? Niko nakuja kukukula!" Mama naye, bila hata kugeuka, "Chui hana meno, anatafuna midomo yake! Pita kule!" Wanaume wakacheka. Siku moja alikuja na matanga ya uongo: akapita nyumba kwa nyumba akilia kwamba Chola amekufa, akachangisha unga wa matanga, na watu walipofika wakamkuta mama anapepeta mahindi. Walicheka juma zima. Nawaambieni haya ili mjue mama alikuwa na sababu ya kutomwamini baadaye.

Ugonjwa uliingia mwishoni mwa kiangazi, wakati wa vumbi, miaka michache kabla ya vita vya pili vya Wazungu. Sisi tuliuita ugonjwa wa shingo. Mtu anaamka kichwa kinamuuma, jioni shingo imekauka haipindi, kesho kutwa amekufa. Mwanzoni ulikuwa mbali, kwenye kambi za wafanyakazi, na mambo ya kambini tuliyasikia kwa nusu nusu.

Jumamosi moja asubuhi Kapya akaja kabla ya saa yake. Akasimama nje ya ua, hakuingia. Vyungu viwili vilikuwa tayari, na wanaume wanne waliotoka zamu ya usiku walikuwa wamekwisha kukaa, mmoja wao Godefroid, seremala, jirani yetu wa ua kwa ua.

"Chola, weye Mbuzi," Kapya akasema. "Ule muntu wa reli mwenye alikunywa hapa jumamosi ingine, amekufa. Shingo ilikauka sawa muti. Funga lupango. Bazungu bataweka kamba kesho, lakini weye funga leo."

Mama akapiga makofi. "Bantu, mumusikie huyu! Leo Chui anataka vyungu vyote bibaki vyake peke yake!"

"Ni kweli nasema."

"Na matanga yangu ilikuwa kweli pia?"

Mama wee, walivyocheka! Godefroid alicheka hadi munkoyo ikamtoka puani. Mama akachota kata ya kwanza akamnyooshea Kapya juu ya ua. Kapya akaitazama, akatikisa kichwa. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona akikataa kata ile. Hata hilo wakalichukua kuwa mzaha mpya. Godefroid akaipokea kata badala yake, akasema mbuzi na chui wamegombana, fundi amekula. Mama akauza asubuhi yote na mchana kutwa.

Saa kumi Kapya akarudi. Ua ulikuwa umejaa pomoni. Akaita, si kwa kelele zake, "Mama Delphine."

Mama akageuka. Hakuna mtu wa ukoo wa Chui aliyewahi kumwita hivyo.

"Mama Delphine, ninakuomba," Kapya akasema, na akavua kofia. "Kwa jina ya Mungu, funga. Nilibeba maiti tisa leo asubui. Samahani, mama, nisamehe kukusumbua."

Nilimwona mama anavyobadilika uso. Matusi ya mtani yule asingeyaamini hata angeapa kwa Biblia, lakini adabu yake ilimwingia kama kisu. Alikaa chini palepale kwenye vumbi. Halafu akasimama, akashika chungu cha pili, kilichokuwa nusu, akakimwaga chini. Wanaume wakapiga kelele, mmoja akataka arudishiwe pesa yake. Mama akawasukuma nje mmoja mmoja kwa mikono yake, analia na kuwatukana, mpaka ua ukawa mtupu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Tangu asubuhi kata ilikuwa imekwisha kupita.

Godefroid alikufa jumatano. Na wengine wawili wa jumamosi ile.

Julienne, mke wa Godefroid, hakuruhusiwa hata kukaa matanga. Alisimama upande wake wa ua akapiga kelele, "Ulijua! Bakakuambia asubui, na ukauza! Ulimuuza bwana yangu!" Mama angemjibu nini? Kwamba Godefroid mwenyewe alisikia na alicheka kuliko wote? Mtu hamwambii mjane maneno kama hayo.

Kamba ikafungwa kuzunguka mtaa wetu jumapili, kama Kapya alivyosema. Soko likafungwa, ngoma zikakatazwa, misa ikakatazwa, matanga yakakatazwa. Kila mtu katika lupango lake. Ukizungumza na mwenzako, hatua ishirini. Magari ya mihogo na samaki kutoka njia ya Kasomeno yakarudishwa kizuizini. Maboi waliofanya kazi kwa Wazungu wakaambiwa wachague, walale kulekule bila kuona wake zao, au wabaki kwetu bila kazi. Na usinidanganye, Donat, kwamba kukaa mbali mbali kulianza siku ile. Kati ya mji wao na cité yetu, yaani mji wa watu weusi, kulikuwa na uwanja mtupu wa mamia ya mita tangu zamani, eti mbu wetu wasiruke kwao. Tofauti ni kwamba safari hii tulitengwa hata sisi kwa sisi. Bomba kubwa la moshi la kiwandani halikusimama hata siku moja. Wafanyakazi wa kambini walifungiwa kambini, wakapelekwa kazini kwa mistari na kurudishwa kwa mistari, na wao walipata posho. Mjane mpika munkoyo hakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote.

Faida ilikuwepo. Andika, mimi si mpumbavu. Baada ya kamba, katika mtaa wetu walikufa wanne. Mtaa wa pili, walikoendelea kukutana kwa siri kulia maiti zao, watu waliacha kuhesabu. Kamba ilituokoa, sibishani. Ila faida hiyo tuligawana wote, hata wale ambao hawakupoteza chochote, na hasara ikaenda kulala kwa waliokuwa wakila kwa kukutanisha watu. Mama alikuwa na nusu gunia ya unga wa mahindi na mizizi ya munkoyo ya kutosha mwezi. Mizizi hailiwi.

Tulikula bukari, ndio ugali wetu, mara mbili kwa siku, halafu mara moja. Halafu mama akaanza kusema ameshiba kwa harufu. Aliuza vitenge vyake viwili kwa kuvitupa kwenye kamba na kurushiwa unga, kikombe kimoja kwa kitenge kimoja, kwa mtu ambaye naomba Mungu asimsahau. Juma la tatu nusu gunia ilikwisha.

Hapo ndipo Kapya alipoanza. Walikuwa wamemtoa kwenye kufagia wakamweka mlinzi wa kamba upande wetu, asubuhi anabeba maiti, mchana analinda. Yeye alipata posho, kikombe cha unga kila siku na maharagwe kidogo. Kila siku saa nane aliweka kifurushi cha kitambaa chini ya mti wa kamba, akarudi nyuma hatua ishirini akizihesabu kwa sauti, mguu ukiburuta, kisha akaita.

"Ee Mbuzi! Kuja kula unone! Niko nangoya nyama ijae!"

Mama alikwenda, akachukua. Nusu ya posho, nusu kamili, alikuwa ameigawa kwa kijiti. "Chui muzee," mama akajibu, "utangoya mpaka meno ikuishe!"

"Ni ya huyu mbuzi mudogo. Weye umekuwa mifupa, nitakukula na nini?"

Na mimi nilicheka. Nilikuwa na miaka minane, nilikuwa na njaa, na kila siku saa nane nilicheka. Ilikuwa hivyo siku kumi na tisa. Nilimwona Kapya akikonda, suruali ikifungwa kwa kamba ya katani, nikadhani ni kazi nyingi. Mama aliona zaidi yangu. Siku moja alimrudishia kifurushi, akamwambia kula mwenyewe. Kapya akamwambia, "Tangu wapi mbuzi anamufundisha chui kula?" akakirusha tena. Mama akakiokota. Alikuwa na mtoto, angefanya nini? Aliniambia miaka mingi baadaye kwamba kuinama kule kuokota unga ule kulimuuma kuliko kuzaa.

Siku ya ishirini hakuja. Ya ishirini na moja hakuja. Kwenye kamba alisimama kijana mgeni, Mulenga, amefunga kitambaa mdomoni, mkali kama pilipili kichaa. Mama alimwita kwa mbali, akamuuliza habari za Kapya. Siku ile Mulenga alimgeuzia mgongo. Kesho yake adhuhuri akasema, akitazama pembeni, "Amekufa, mama. Ilikuwa shingo. Mukokoteni utapita hapa kesho asubui, njia ya makaburi."

Mama hakupiga ukelele. Alisema tu, "Mimi niko mutani wake. Mimi njo mwenye kumuzika."

"Hakuna mwenye kumuzika. Ni chokaa tu. Hakuna muntu kuvuka."

"Basi asimame hapa. Kidogo tu. Hatua makumi mbili, mimi sitavuka."

Mulenga akanyamaza, na mama akakubali kwamba kunyamaza kwake ni ndiyo.

Katika nyumba ulikuwa umebaki unga wa vipande viwili vya bukari, ambao mama alikuwa ameuficha chini ya mkeka. Nilijua ulipo. Mwenye njaa anajua kila kitu kilipo. Siku mbili nilikuwa sijala ila majani ya viazi tuliyoyachuma nyuma ya choo. Nilimwona anautoa, nikafurahi, nikakimbia kuwasha moto. Kumbe alichukua chungu kidogo, akamimina maji mengi, akaanza kupika uji wa munkoyo.

"Mama, tupike bukari."

"Nyamaza."

"Mama, ni unga wa mwisho! Yule amekufa, hawezi kunywa!"

Akanipiga kofi. Mara moja tu katika maisha yake, na ndiyo ile. Halafu akakaa mbele ya moto na kukoroga, analia, kamasi na machozi, na mimi kwenye kona namchukia. Nasema nilivyohisi. Nilimchukia mama yangu na nilimchukia Kapya maiti.

Asubuhi akachuja, akajaza kata hadi ukingoni, ile ile ya jumamosi, aliyokuwa ameichemsha na kuianika juani majuma yote yale. Tukaenda kwenye kamba. Macho yangu yalikuwa ndani ya kata. Nilijua desturi. Kata ya kwanza ni ya Chui, na kaburini humiminwa chini.

Mkokoteni ukaja, ukisukumwa na wafungwa wawili waliojifunga vitambaa usoni. Juu yake maiti watatu katika magunia, na gunia moja refu kuliko mengine, miguu ikitokeza. Mguu mmoja ulikuwa umepinda. Mulenga akainua mkono, mkokoteni ukasimama. Hatua ishirini.

Mama alisimama wima kwenye kamba, amekonda kama mchi, akaita kwa sauti ile ya jumamosi.

"Ee Chui! Uko hai bado?"

Wafungwa wakatazamana.

"Angalia wewe! Muntu mukubwa, banakuvalisha gunia ya chumvi! Ukasema utanikula! Ukaniambia nona, nona! Sasa nani amekula nani? Mimi njo nimekukula, weye mupumbafu! Nimekukula kikombe kwa kikombe, siku kumi na tisa, mpaka mifupa! Tangu dunia iumbwe, nani alisikia mbuzi amekula chui?"

Mfungwa mmoja akatoa kicheko nyuma ya kitambaa, kicheko kifupi cha kushtuka, na nikaona mabega ya Mulenga yakitikisika, sijui kwa kucheka au kwa nini. Mama akasikia kicheko kile. Akainua kata juu kabisa ili aliye kwenye gunia aione.

"Na kata ya kwanza unaitaka? Unaiona? Ni ya unga wa mwisho!" Akageuka, akaniwekea kata mdomoni kwa nguvu hadi kinywaji kikanimwagikia shingoni. "Hauipati! Leo nakunyima! Mbuzi mudogo anakunywa mbele yako, na weye hauwezi kufanya kitu! Kunywa, Delphine. Kunywa yote, aone."

Julienne alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua wake akitutazama. Mkokoteni ulianza kuondoka, magurudumu yakilia. Mama alikuwa bado anamtukana Kapya, analia na kumtukana, mpaka walipopinda kwenye njia ya makaburi.

Mimi nilikunywa. Nilishika kata kwa mikono miwili nikanywa mpaka chini, nikalamba ndani. Ilikuwa munkoyo ya siku ya kwanza. Mungu anisamehe, ilikuwa tamu sana.